Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu David Bryant, mzee wa kiko, na maisha ya mchezaji wa lawn bowls

Kila nikiweka picha ya yule mzee mwenye kiko mdomoni amechuchumaa kwenye nyasi kama anatafuta sarafu imeanguka, maswali yanakuwa yale yale, na nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nimeyakusanya hapa yote. Mengi ni ya David Bryant mwenyewe, mengine ni ya mchezo na vile mtu anafika mpaka kuvaa jezi ya nchi. Kama swali lako limejibiwa kwingine nitakuelekeza, sitarudia.

## Ya kuanzia

Lawn bowls ni nini, si ndiyo ile ya kuangusha pini?

Hapana jameni. Ile ya kuangusha pini kwenye mall ni kitu kingine kabisa. Hapa hakuna cha kuangusha. Kuna kampira kadogo keupe ama ka njano kanaitwa jeki, na kuna matufe makubwa, na kazi yako yote maishani ni kulaza tufe lako karibu na jeki kuliko mwenzako. Mnasimama kwenye mkeka, mmoja anaviringisha jeki mbali, lazima ifike angalau mita 23, halafu mnapokezana. Mkimaliza matufe mnaenda kuangalia: kila tufe lako lililo karibu na jeki kuliko la karibu zaidi la mpinzani ni pointi moja. Yako matatu yakiwa mbele ya lake la kwanza, pointi tatu. Mnageuka mnacheza kurudi mlikotoka. Mchezo wa mtu mmoja mmoja kila mtu ana matufe manne, na kwa desturi wa kwanza kufika 21 ndiye ameshinda.

Unasikia rahisi, eh? Shida ni kwamba tufe halitembei moja kwa moja. Limechongwa upande mmoja tofauti na mwingine, kwa hiyo likianza kuchoka linapinda kama punda aliyeona nyumbani. Ukilenga jeki umekosa. Unalenga mahali hapana kitu, pembeni kabisa, na unaomba lirudi.

Na huyu David Bryant ni nani hata mnamtaja kila saa?

Mwingereza, amezaliwa 27 Oktoba 1931 Clevedon, mji mdogo wa pwani huko Somerset, amefariki 27 Agosti 2020 akiwa na miaka 88. Kwa kifupi ni kwamba ukiuliza watu wa mchezo huu nani alikuwa mkubwa kuliko wote, wengi watakwambia yeye kabla hujamaliza swali. Alishinda taji la dunia la uwanja wa nje mara tatu akicheza peke yake, na la ndani ya ukumbi mara tatu, na dhahabu tano za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Serikali ya kwao ilimpa nishani ya MBE 1969 na CBE 1980.

Lakini mimi sababu yangu ya kumpenda si idadi, ni kitu kingine ambacho nimekiweka kwenye swali la sekunde huko chini. Ukisoma jibu moja tu kwenye hii orodha nzima, soma lile.

Alianza vipi, kuna akademi?

Akademi ya nini, wakati huo? Alikulia kwenye klabu ya mtaani Clevedon, baba yake naye alikuwa mchezaji, mtoto anakua akiona wazee wanacheza jioni na yeye anaingia. Ndivyo ilivyo kwa wengi mpaka leo. Unaanza klabuni, unacheza mashindano ya klabu, ukionekana unachukuliwa timu ya kaunti, ukizidi kuonekana unaitwa majaribio ya taifa. Huko Uingereza kuna mashindano ya kitaifa ambayo maelfu wanaanza vilabuni kwao na wanachujwa mpaka wabaki wachache. Bryant alichukua lile la mtu mmoja mmoja mara sita, kati ya 1960 na 1975, mara tatu mfululizo 1971, 1972 na 1973. Hebu fikiria, kila mwaka unaanza upya kwenye msitu wa watu wote hao, siku moja mbaya tu umetoka.

Na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Weka hilo akilini, tutalirudia kwenye pesa.

## Medali

Alishinda nini, wapi, mwaka gani?

Madola: Perth 1962 alichukua dhahabu mbili, ya mtu mmoja mmoja na ya timu ya wanne. Edinburgh 1970, Christchurch 1974, Edmonton 1978, zote mtu mmoja mmoja. Kombe la dunia la nje: Sydney 1966, Frankston karibu na Melbourne 1980 (hapo akachukua pia ya timu ya watatu), na Auckland 1988. Ndani ya ukumbi mashindano ya dunia yalianza 1979 huko Coatbridge, Scotland, na yeye akashinda ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama mtu aliyefungua duka na kuwa mteja wake mwenyewe.

Halafu kuna zile za wawili wawili ukumbini na Tony Allcock, kijana ambaye Bryant alimzidi umri karibu miaka 24. Walishinda 1986, 1987, 1989, 1990, 1991 na 1992. Mwaka huo wa mwisho Bryant ana miaka 60. Allcock naye baadaye akaja kuchukua ubingwa wa dunia wa nje peke yake, 1992 na 1996, kwa hiyo msidhani alibebwa.

Mbona dhahabu za Madola zinaruka kutoka 1962 mpaka 1970, alipigwa 1966?

Hakupigwa, hakukuwa na mchezo. Lawn bowls imekuwa kwenye hiyo Michezo tangu ya kwanza kabisa 1930 huko Hamilton, Canada, isipokuwa mara moja tu, Kingston, Jamaika, 1966. Ndiyo maana watu wanasema alitetea taji lake kila mara lilipokuwepo, tangu 1962 hadi 1978. Na mwaka huo huo wa 1966 walipomnyima Jamaika, akaenda Sydney kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia akarudi na taji. Unamzuia mlangoni anaingilia dirishani.

Kwa hiyo hakuwahi kushindwa?

Alishindwa kama watu wote. Mashindano ya dunia ya 1972 yalifanyika Worthing, nyumbani kabisa Uingereza, na taji likaenda kwa Maldwyn Evans wa Wales. Ya 1976 Johannesburg likabaki pale pale na Doug Watson, na Afrika Kusini mwaka huo wakafagia dhahabu zote. Kwa hiyo kati ya taji lake la kwanza la dunia na la pili kuna miaka 14. Watu wanapoona orodha ya mataji wanaona ngazi imepanda moja kwa moja, hawaoni hiyo miaka ya katikati.

Bora ni Bryant ama Alex Marshall?

Hili swali ndilo linaleta vita. Marshall ni Mskoti, naye ana dhahabu tano za Madola: wawili wawili Manchester 2002, Melbourne 2006 na Glasgow 2014, na timu ya wanne Glasgow 2014 na Gold Coast 2018. Ukumbini ameshinda taji la dunia la mtu mmoja mmoja mara sita, ambapo Bryant ana matatu.

Mimi nasema hivi. Ukumbini, kwenye kapeti, Marshall, sibishani. Lakini dhahabu nne kati ya tano za Bryant alisimama peke yake mkekani, hakuna skipa, yaani nahodha wa timu, wa kumwambia "ongeza kidogo", hakuna mwenzako wa kufunika makosa yako. Na nje kwenye nyasi za kila aina. Nampa mzee. Mkitaka kunitukana nitukaneni tu.

## Nyasi, yaani mambo yenyewe

Mnaposema uwanja wa "sekunde 12" ama "sekunde 17" mnamaanisha nini?

Hapa ndipo mchezo wote ulipo kwa hiyo nivumilieni. Unachukua tufe, unalituma lisimame takriban mita 27 kutoka mkekani, na unahesabu sekunde tangu liachwe mkononi mpaka lisimame. Hiyo namba ndiyo kasi ya uwanja. Pale tunapocheza sisi kuna mzee mmoja kila asubuhi kabla hajavaa hata kofia anafanya hivyo na simu yake mara tatu, hasemi na mtu, anaandika kwenye kikaratasi anatia mfukoni, na ukimuuliza anakwambia "jionee."

Sasa kinachochanganya watu ni hiki: sekunde nyingi ndiyo uwanja wa kasi. Najua inasikika kinyume. Fikiria nyasi ndefu nzito zimelowa mvua, inabidi usukume tufe kwa nguvu, linakwenda mbio na linasimama ghafla, sekunde 10 limeshafika. Nyasi fupi kavu ngumu kama sakafu, unaliachia tu polepole na linateleza, linateleza, linateleza, unaweza kuongea na jirani likiwa bado linatembea, sekunde 16, 17. Na kadiri linavyotembea kwa muda mrefu ndivyo linavyopata nafasi ya kupinda zaidi. Uingereza viwanja vingi viko chini, kama 10 mpaka 12. New Zealand na Australia vinafika 14, 17, hata zaidi.

Maana yake ni nini kwa mchezaji? Mkono uliofundishwa miaka 20 Somerset ukifika Christchurch ni mkono wa mtu mwingine. Nyumbani ulikuwa unalenga pembeni kidogo, huku unalenga karibu rinki ya jirani, yaani kile kipande cha uwanja wanachochezea wengine. Nyumbani unasukuma, huku ukisukuma hivyo tufe linapita jeki linaangukia mtaroni mwisho wa uwanja na watu wanakupigia makofi ya pole. Mwili haukubali kubadilika, ndiyo tatizo, kichwa kimeelewa siku ya kwanza lakini bega bado liko Ulaya.

Rudi sasa kwenye orodha ya Bryant usome upya. Perth, Sydney, Edinburgh, Christchurch, Edmonton, Frankston, Auckland, na juu yake kapeti la ukumbini. Nyasi za baridi na za jua, nzito na nyepesi. Wengine wengi ni wafalme wa nyumbani kwao. Huyu mtu alikuwa anashuka kutoka kwenye ndege na baada ya siku chache bega lake limeshahamia. Hicho ndicho kipaji chake kwa maoni yangu, si kiko, si kuchuchumaa, si hata utulivu.

Wachezaji wanafanya nini ili wazoee uwanja wa ugenini?

Wanafika mapema kama kuna hela ya kufika mapema. Wanabadilisha pia matufe, manake si yote yanapinda sawa, kuna ya kupinda sana na ya kupinda kidogo, na ukienda uwanja wa kasi kubwa mara nyingi unataka yale ya kupinda kidogo la sivyo unazunguka dunia. Wanabadilisha hata vile wanasimama, hatua ndefu kwa uwanja mzito, hatua fupi kwa uwanja mwepesi.

Timu za nchi zenye pesa zinaenda kambi huko huko miezi kabla. Timu zetu zinatua Jumanne, Alhamisi zinacheza. Halafu mtu anaandika mtandaoni "wameenda kutalii."

Matufe yenyewe yana uzito gani, na ni ya mbao bado?

Kipenyo ni kama milimita 116 mpaka 131, uzito usizidi kilo 1.59. Jeki ya nje ni milimita 63 hivi. Zamani yalikuwa ya mbao ngumu sana inaitwa lignum vitae, nzito kiasi kwamba ukiitupa majini inazama, na ndiyo maana mpaka leo Waingereza wazee wanayaita mbao hata kama ni plastiki. Yalianza kutengenezwa kwa kemikali ngumu karne ya 20 na mbao zikastaafu, juu mbao ikikauka ama ikilowa inabadilika na kupinda kwake kunabadilika.

Chagua linaloingia mkononi. Ukizungusha vidole vyako, gumba na cha kati vikutane ama vikaribie kukutana katikati ya tufe, hilo ni lako. Watu wananunua makubwa kwa sifa halafu linawaponyoka.

## Pesa na kazi

Mchezaji wa kimataifa wa bowls analipwa?

Wachache sana, na si kama unavyofikiria. Mashindano ya dunia ya ukumbini, yale ambayo tangu 1999 yanafanyika Potters, Hopton-on-Sea huko Norfolk, yana zawadi ya pesa ya maana kwa anayeshinda, na BBC ilikuwa inaonyesha, ndipo majina kama Bryant, Allcock na Marshall yakajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa tufe. Kwa wengine wote zawadi inalipa nauli, ikilipa.

Kwa hiyo lazima uwe na kazi nyingine?

Ndiyo, na hiyo si aibu. Mfano ninaoupenda ni India. Birmingham 2022 timu yao ya wanawake wanne ilichukua dhahabu, ya kwanza kwa India kwenye mchezo huu, waliwapiga Afrika Kusini 17-10 fainali. Sasa angalia walikuwa kina nani wakati huo: Lovely Choubey polisi, Pinki mwalimu wa michezo shuleni, Nayanmoni Saikia wa idara ya misitu, Rupa Rani Tirkey afisa michezo. Wote walikuwa na bosi wa kuomba ruhusa. Choubey na wenzake walikuwa hawajulikani hata kwao mpaka ile wiki.

Bryant mwalimu, hawa polisi na mtu wa misitu. Willie Wood wa Scotland alikuwa fundi wa magari. Ukitaka kuwa mchezaji wa kimataifa wa huu mchezo, swali la kwanza ni bosi wako ni mtu wa aina gani.

Nimesikia kuna watu walikatazwa kucheza kwa sababu walilipwa, kweli?

Kweli. Zamani Michezo ya Madola ilikuwa ya watu wasiolipwa, na miaka ya themanini pesa ya televisheni ilipoingia kwenye bowls mambo yakawa magumu. Willie Wood, bingwa wa Brisbane 1982, alikosa Michezo ya 1986 kwa mgogoro huo huo, na ilikuwa Edinburgh, nyumbani kwake kabisa! Fundi magari anaambiwa yeye ni profeshenali. Baadaye sheria zikalegea na akarudi, na alirudi kweli, angalia swali linalofuata.

## Umri, wanawake, Afrika

Si huu ni mchezo wa wazee?

Ni mchezo ambao mzee anaruhusiwa kushinda, ni tofauti. Wood alicheza Michezo ya Madola mara nane, ya mwisho Delhi 2010 akiwa na miaka 72. Bryant alikuwa 56 alipochukua dunia Auckland. Na Birmingham 2022 Mskoti George Miller akapata dhahabu akiwa na miaka 75, upande wa wachezaji wasioona vizuri, yeye ndiye anamwelekeza mwenzake tufe lielekee wapi.

Lakini vijana wako wengi kuliko mnavyodhani na ukienda Australia utakuta watoto wa miaka 20 wanarusha tufe kwa nguvu kama bunduki kutawanya kila kitu kilicho karibu na jeki. Hiyo inaitwa draivu. Ujana unasaidia kwenye draivu. Kwenye kulaza tufe taratibu sentimita tano kutoka jeki wakati unaongozwa 20-19, hapo ujana hausaidii kitu.

Na miguu lazima iwe na nguvu, usijidanganye. Mchana mzima unainama na kuinuka, unatembea mita thelathini kwenda na kurudi, siku sita saba mfululizo. Siku yangu ya kwanza kwenye mashindano ya wikendi niliamka Jumatatu nikashuka ngazi kinyumenyume.

Wanawake walianza lini?

Klabuni zamani sana. Kwenye Michezo ya Madola ni 1982 tu, Brisbane, kwa mchezo wa timu ya watatu, na mjue dhahabu ya kwanza kabisa ya wanawake ilienda wapi: Zimbabwe. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili. Mchezo wa mwanamke mmoja mmoja ukaja 1986.

Ni mchezo wa wazungu tu?

Asili yake ni huko, na huku kwetu ulikuja na walowezi na vilabu vyao ambavyo babu yangu mimi angeingia kwa mlango wa jikoni, tusifichane. Lakini angalia walioshinda karibuni. Siti Zalina Ahmad wa Malaysia, anacheza na hijabu yake, dhahabu ya mtu mmoja mmoja Manchester 2002 na tena Melbourne 2006. India nimeshasema. Prince Neluonde alikuwa kwenye timu ya watatu ya Afrika Kusini iliyochukua dhahabu Glasgow 2014. Zambia, Malawi, Botswana, Namibia wote wanacheza, na Kenya imeshapeleka wachezaji Michezo ya Madola zaidi ya mara moja.

Malaysia ndiyo nataka muiangalie. Nchi ya joto na mvua, hakuna utamaduni wa babu na babu, waliamua tu kama taifa kwamba huu ni mchezo wa medali, wakajenga viwanja na kuwaweka vijana hapo kila siku. Si miujiza.

Niko Nairobi, nataka kufika huko, naanzia wapi?

Tafuta klabu yenye uwanja, ziko Nairobi, nyingi ni zile klabu za zamani. Uliza siku ya wageni, wengi wanafurahi kuona sura mpya na watakuazima matufe. Usinunue chochote miezi mitatu ya kwanza isipokuwa viatu vya soli bapa kabisa. Soli yenye meno ama kisigino hukanyagi uwanja, mimi nilirudishwa getini na viatu vya jogging nikiwa nimesafiri matatu mbili kufika hapo, nikacheza na soksi.

Kikwazo kikubwa ni ada ya uanachama, sitaficha. Sehemu nyingine ni kubwa kuliko kodi ya nyumba yangu. Ila kuna wachezaji wazuri sana waliotokea upande wa pili, waliokuwa wanakata nyasi na kukunja mikeka, wanajaribu tufe wageni wakienda chai. Hao wanaujua uwanja kuliko mwanachama yeyote.

Baada ya hapo ni majaribio ya taifa, na huko unachaguliwa pia kwa nafasi. Timu ya wanne kuna wa kwanza wa kulaza tufe karibu na jeki, wa pili, wa tatu, na skipa anayesimama upande wa pili akikuelekeza. Vijana wote wanataka kuwa skipa. Jifunze kuwa wa kwanza, wanatafutwa.

## Maswali ya kando

Ile kuchuchumaa kwa Bryant ilikuwa ya nini?

Alikuwa anashuka chini kabisa kwanza, tufe mkononi, anaangalia njia ya tufe akiwa macho yake chini karibu na nyasi, halafu anainuka kidogo na kulitoa kwa hatua moja. Makocha hawafundishi hivyo, na mkijaribu mtaanguka mbele ya watu. Kwake ilikuwa kama mtu anayerudia sala, kila tufe sawasawa na lililopita. Ukiangalia video zake zima sauti uhesabu, muda ni ule ule iwe anaongoza ama anafungwa.

Na kiko?

Kiko kilikuwa kinakaa hapo hapo mdomoni hata akiwa anarusha. Leo asingeruhusiwa.

Ni kweli Francis Drake, yule nahodha wa meli wa Kiingereza, alikuwa anacheza bowls meli za kivita za Wahispania zikija?

Hadithi inasema alikuwa Plymouth mwaka 1588 akasema kuna muda wa kumaliza mchezo kwanza. Hakuna ushahidi wa nguvu, ni hadithi tamu tu. Ukitaka kitu cha zamani chenye mizizi, klabu ya Southampton inahesabu uwanja wake tangu 1299, na chama cha bowls cha Uingereza kilianzishwa 1903 na W. G. Grace akiwa rais wa kwanza, ndiyo, yule yule wa kriketi.

Mbona haiko Olimpiki?

Haijawahi kuwa. Iliwahi kuwa Paralimpiki, kuanzia 1968 mpaka 1988 na tena 1996. Kwa hiyo kilele cha mchezaji ni Madola na mashindano ya dunia, ndiyo maana miaka minne minne hii watu wanalia machozi ya kweli. Glasgow 2026 michezo imepunguzwa mpaka kumi tu na bowls imebaki, ila imepelekwa ndani ya ukumbi. Yaani nyasi hakuna. Rudi swali la sekunde ujiulize ni nani hiyo inamsaidia.

Tufe likianguka mtaroni limekufa?

Limekufa, isipokuwa kama liligusa jeki njiani. Lililogusa linapakwa chaki na linabaki hai hata likiwa mtaroni. Na jeki yenyewe ikisukumwa mtaroni ndani ya rinki yenu bado iko hai, mnaendelea kucheza kuelekea shimoni, na hapo ndipo utaona watu wazima wamelala kifudifudi pembeni ya mtaro na kipimo mkononi wanabishana milimita mbili.

Nikishika tufe kinyume, upande wa ndani ukawa nje?

Angalia kila mara, kuna duara dogo upande mmoja na kubwa upande mwingine, dogo ndilo liwe ndani, upande unaotaka lipindie. Ukisahau, tufe linaondoka vizuri kabisa, wewe umeinuka unajipongeza, linafika katikati, linaanza kupinda, na linapinda kwenda kule. Linaenda rinki ya pili, linapita katikati ya mchezo wa watu, na likisimama huko nje limekufa. Yangu lilienda likasimama mguuni pa mwamuzi. Aliliokota, akaligeuza akaangalia duara, akanirudishia bila kusema neno, na yule mzee wa sekunde akatoa kikaratasi mfukoni akaandika kitu ambacho mpaka leo amekataa kunionyesha.